Hija si Mbio: Kuwatetea Wanaochelewa Njiani



Wapendwa taifa la Mungu, katika tafakari ya juma hili naomba mnivumilie, kwa maana nimekusudia kubishana. Kila mwaka, mara baada ya Pasaka, parokia zetu hapa Kagera huanza kuandikisha waamini watakaokwenda kwa miguu hadi Namugongo, nchini Uganda, kuadhimisha Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni. Mwaka huu, pamoja na orodha ya majina, nimeletewa mapendekezo ya kamati ya maandalizi, yamepigwa chapa vizuri na kuwekewa namba. Pendekezo la tatu linasema kwamba waandikishwe wale tu wanaoweza kutembea kilomita 40 kwa siku. Atakayeshindwa kuendana na msafara kwa siku mbili mfululizo apandishwe gari, ili asiwacheleweshe wengine.

Nimelisoma pendekezo hilo mara tatu. Walioliandika nawafahamu, ni watu wa sala na wa kujitolea, na wengi wao wamekwenda Namugongo mara nyingi kuliko mimi. Sina shaka na nia yao. Nina shaka na pendekezo lenyewe, tena shaka kubwa. Nalijibu hapa mbele yenu nyote kwa sababu fikra hiyo si ya kamati yetu peke yake. Nimekwisha kuisikia kwa maneno mengine katika parokia jirani, na nimeiona imeandikwa kifuani mwa fulana za mahujaji: siku nane, siku saba, siku sita! Kana kwamba Mtakatifu Karoli Lwanga anatusubiri kwenye utepe wa mwisho akiwa na saa mkononi.

Tuanze na hesabu, maana wenye haraka hupenda hesabu. Kutoka Bukoba hadi mpakani Mutukula ni takriban kilomita 80. Kutoka Mutukula hadi Masaka ni karibu kilomita 90, na kutoka Masaka hadi Kampala ni kama 130. Ukiongeza kilomita 15 hivi za kutoka katikati ya jiji hadi Namugongo, unapata jumla ya kilomita 315, zikizidi au kupungua kidogo. Anayetembea kilomita 40 kwa siku atafika kwa siku 8. Anayetembea kilomita 25 atafika kwa siku 13. Tofauti ni siku tano. Wapendwa, naomba tuiweke tofauti hiyo mezani na kuitazama bila haya: tunataka kumwacha mwenzetu ili tuokoe siku tano.

Na tujiulize, ni nani hasa atakayeachwa? Kamati haikutaja majina, lakini mimi ninayapitisha akilini, kwa sababu watu hao ndio ninaowapelekea Ekaristi nyumbani na kuwazikia wapendwa wao. Ataachwa bibi wa jumuiya ndogo ndogo anayeongoza rozari kila Alhamisi, ambaye ameweka akiba ya shilingi moja moja kwa miaka mitatu ili aende. Ataachwa mama aliyejifungua kwa upasuaji na kumwahidi Mungu kwamba atakwenda kushukuru. Ataachwa mzee wa kigango aliyepoteza kijana wake ziwani. Ataachwa katekista mwenye mguu mfupi. Kwa maneno mengine, kanuni ya kilomita 40 itawaondoa wale ambao wana sababu nzito zaidi za kwenda, na itawabakiza wale ambao miguu yao haijawahi kuwasumbua. Huo utakuwa msafara mzuri sana wa askari. Sidhani kama utakuwa msafara wa mahujaji.

Turudi kwenye Maandiko Matakatifu. Mwinjili Luka anatusimulia hija ya Familia Takatifu kwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka, Yesu alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Hawakwenda peke yao. Walisafiri katika msafara wa ndugu na watu waliojuana nao. Wakati wa kurudi, baada ya mwendo wa siku nzima, Maria na Yosefu wakatambua kwamba mtoto hayumo. Wakafanya nini? Waligeuka. Njia waliyokuwa wameimaliza kwa jasho wakaitembea upya, kurudi walikotoka, wakamtafuta hata wakamwona siku ya tatu. Kama pendekezo letu la tatu lingekuwa limetungwa Nazareti, mtoto Yesu angeachwa Hekaluni, na kamati ingeandika katika taarifa yake kwamba msafara ulirejea salama na kwa wakati.

Luka huyohuyo, katika sura ya mwisho ya Injili yake, anatuonyesha wafuasi wawili wakielekea Emau, umbali wa kilomita kama 11. Walikuwa na huzuni, tena walikuwa wakijadiliana na kuulizana. Bwana Mfufuka akawakaribia, akaenda pamoja nao. Mtazameni vizuri! Yeye aliyelishinda kaburi alfajiri ya siku ileile alikubali kwenda kwa mwendo wa watu wawili waliokata tamaa. Hakuwaambia wakaze miguu. Aliwasikiliza kwanza, kisha akawafafanulia Maandiko, na mezani wakamtambua. Laiti angekuwa na haraka ya kufika, wasingemjua. Na kabla ya hapo, alipowatuma wafuasi sabini na wawili wamtangulie katika kila mji, aliwatuma wawili wawili. Angeweza kuwatuma mmoja mmoja akafikia miji mara mbili zaidi. Bwana wetu, inaonekana, hakuwa mtu wa takwimu.

Hata imani tunayokwenda kuiadhimisha Namugongo ililetwa hivyohivyo. Mwaka 1878 msafara wa wamisionari wa Kardinali Lavigerie uliondoka Bagamoyo, pwani yetu, ukatembea bara kwa miezi mingi hadi kusini mwa Ziwa Victoria, karibu na Mwanza ya leo. Kutoka huko walitangulizwa wawili kuvuka ziwa kwenda kuomba ruhusa kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza: Padre Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, na Bruda Amans. Walitia nanga Kigungu, Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Walikuwa wawili, padre na bruda, katika mtumbwi mmoja. Miaka saba tu baadaye mbegu hiyo ilizaa mashahidi.

Na sasa tuwaangalie mashahidi wenyewe, kwa sababu njia tunayotaka kuikimbia ni njia yao. Kabaka Mwanga alipotoa hukumu Munyonyo, mwishoni mwa Mei 1886, vijana wa ikulu waliokataa kuikana imani walifungwa kamba na minyororo, wakatembezwa hadi Namugongo. Walikuwamo Wakatoliki na Waanglikana, na kamba hazikubagua madhehebu. Usiku ule wa kukamatwa, Karoli Lwanga alikuwa amewabatiza wakatekumeni kadhaa, akiwemo Kizito, mdogo kuliko wote, mwenye umri wa miaka kama 14. Masimulizi yaliyohifadhiwa na Kanisa la Uganda yanasema kwamba Kizito aliogopa, na Lwanga akamwahidi kwamba saa ikifika atamshika mkono. Tafakarini hilo. Kiongozi wa kundi, mwenye nguvu kuliko wote, hakumwahidi mtoto yule kwamba atakuwa shujaa. Alimwahidi mkono.

Yupo pia Matiasi Kalemba, mtu mzima mwenye cheo, aliyekamatwa pamoja na rafiki yake Luka Banabakintu. Waliletwa pamoja kutoka upande wa Mityana, na walipotenganishwa Kampala, inasimuliwa kwamba waliagana kama marafiki wanaotarajia kuonana mbinguni. Kalemba aliachwa afe polepole kilimani. Banabakintu alifikishwa Namugongo na kuchomwa moto tarehe 3 Juni 1886, siku ambayo Kanisa lilikuwa linaadhimisha Kupaa kwa Bwana.

Lakini kuna mmoja ambaye ningependa kila mjumbe wa kamati amkumbuke kwa jina: Gonzaga Gonza. Naye alikuwa katika msafara ule wa kwenda Namugongo. Minyororo ilikuwa imemuumiza miguu vibaya mno hata hakuweza kuendelea na safari. Walipofika Lubaawo, tarehe 27 Mei, akaanguka. Wauaji wakammaliza kwa mikuki palepale barabarani. Wapendwa, katika historia nzima ya njia hii takatifu, walioamua kwamba asiyeweza kwenda na wenzake aondolewe njiani walikuwa ni wauaji. Najua neno hili ni kali. Najua pia kwamba gari la parokia si mkuki. Nalisema ili tukumbuke kwamba tunamheshimu Mtakatifu Gonzaga Gonza kama shahidi kamili, mmoja wa wale 22 ambao Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, ingawa hakufika Namugongo. Mbinguni hakuna aliyemwuliza kwa nini alibaki nyuma.

Nisije nikaonekana nimeziba masikio, acheni nizitaje hoja za upande wa pili kwa haki, maana zipo, na mbili kati yake zina uzito.

Hoja ya kwanza ni usalama. Wanasema kwamba msafara ukirefuka, wanaobaki nyuma hugongwa na magari. Ni kweli kabisa. Barabara ya Masaka kwenda Kampala ina malori mengi, ina mabasi ya usiku, na pembeni mahali pengine hapana nafasi ya kutembea. Lakini tazameni chanzo cha hatari hiyo: anayebaki nyuma amebaki nyuma kwa sababu waliotangulia wamemwacha. Msafara unaokwenda kwa mwendo wa aliye dhaifu haurefuki. Na hatari kubwa huja jioni, pale watu waliochoka wanapolazimika kutembea gizani ili watimize kilomita zilizopangwa. Anayetembea kilomita 25 akianza saa kumi na moja alfajiri atakuwa amefika kituoni mchana, kabla jua halijawa kali. Basi kama hoja ni usalama, hoja hiyo iko upande wangu.

Hoja ya pili ni gharama na malazi. Siku tano za ziada ni chakula cha siku tano, na parokia zinazotupokea njiani zina mahujaji wengine wa kuwahudumia. Hili nalo ni kweli. Hata hivyo, waliowahi kulala njiani wanajua kinachotokea: tunalala kwenye madarasa na chini ya miti, tunakula kande na ndizi, na gharama kubwa zaidi katika bajeti niliyoletewa ni fulana. Nimepiga hesabu. Fulana zikiachwa, chakula cha siku tano kinapatikana, na fedha kidogo inabaki ya dawa. Wahenga walisema msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Tukikubali kuwa maskini kweli kwa majuma mawili, fedha haitakuwa kikwazo.

Hoja ya tatu wanaitoa vijana, nao wanaitoa kwa lugha ya kiroho: kwamba hija ni jambo la mtu na Mungu wake, kwa hiyo kila mmoja atembee kwa mwendo wake, na kila mmoja ajibebe. Hoja hii inapendeza masikioni, na ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Ukiitazama kwa karibu, mara nyingi utakuta kijana mwenye vipokea sauti masikioni, anatembea kilomita 300 ndani ya chumba chake mwenyewe. Amebeba chumba hicho kutoka Bukoba hadi Namugongo, na anarudi nacho kikiwa kimefungwa vilevile. Sipingi ukimya. Ukimya ni mama wa sala, na saa moja ya kutembea kimya kila asubuhi ni desturi njema sana. Napinga upweke unaojiita sala. Kumpenda Mungu nisiyemwona ilhali nimemwacha mwenzangu ninayemwona akichechemea mita mia mbili nyuma yangu: Mtume Yohane alikwisha kulitolea hukumu jambo hilo, wala hakutumia maneno laini.

Wengine hunitajia Hispania. Wanasema huko Santiago de Compostela watu hutembea peke yao kutoka mbali, nao hupewa hati. Ni kweli, na hija ile ni ya kale na ya kuheshimika. Mwaka 2023 zaidi ya mahujaji 400,000 waliandikishwa kupokea hati hiyo, ambayo hutolewa kwa aliyetembea angalau kilomita 100. Lakini hata huko hati haitolewi kwa kasi. Aliyetumia siku nne na aliyetumia siku kumi hupokea karatasi ileile. Na waliokwenda huko wakarudi, wengi wao husimulia habari za watu waliokutana nao njiani kwa urefu kuliko habari za kanisa kuu lenyewe. Kwa nini? Kwa sababu barabara ndefu humfunulia mtu jirani yake.

Hapa naomba niseme neno moja kutoka katika maisha yangu, si kwa kujisifu. Mwaka 2018 nilitembea njia hii na rafiki yangu, mwalimu mstaafu, mwenye umri wa miaka 68 wakati ule. Tumefahamiana tangu nikiwa frateri. Ni mtu mwema, lakini kumchukua kama mwenzi wa safari ni kazi. Huimba nje ya ufunguo, hukoroma, na ana kisa kimoja cha mkaguzi wa shule aliyeanguka mtoni ambacho nilisimuliwa mara sita kabla hatujafika Masaka. Goti lake la kulia liliumia zamani kwa kuanguka na baiskeli. Kufika Lukaya lilikuwa limevimba, na mbele yetu kulikuwa na Lwera.

Wanaoijua Lwera wanaelewa. Barabara imenyooka katikati ya kinamasi, ziwa liko upande mmoja kwa mbali, kivuli hakuna, na malori yanapita karibu hata yanakutikisa. Kundi tulilokuwa nalo lilikwenda na ratiba yake. Sisi tulitembea nusu kilomita, tukapumzika. Tukatembea nusu nyingine, tukapumzika. Mama mmoja muuza samaki alituona, akatuletea kigoda na maji ya kunywa. Alizungumza Kiganda, nasi Kiswahili na Kihaya, na maneno ya Kihaya yakatusaidia. Hakutaka kutuuzia chochote. Alitaka tumchukulie jina la binti yake aliyefariki, tulifikishe Namugongo. Mwalimu aliliandika kwenye karatasi, akaliweka mfukoni pamoja na rozari. Wenzetu mia moja na zaidi walikuwa wamepita mbele ya mama yule asubuhi ileile. Hawakumnyima kitu, hawakusimama tu, kwa hiyo hakupata wa kumwomba.

Alasiri, tulipokuwa tumekaa ukingoni mwa barabara, mwalimu alinieleza jambo la nyumbani mwake ambalo kwa miaka thelathini ya urafiki hakuwahi kulitamka. Hakuwa anaungama, alizungumza nami kama rafiki. Sitalitaja hapa. Nasema tu kwamba aliporudi nyumbani alikwenda kwa mtu fulani ambaye hakuwa amezungumza naye kwa muda mrefu, akabisha hodi, na mlango ukafunguliwa. Je, jambo lile lingetoka moyoni mwake tukiwa tunakwenda kilomita 40 kwa siku, mimi nikiwa mbele na yeye nyuma, akihesabu pumzi? Sithubutu kusema Mungu hana njia nyingine. Nasema kwamba siku ile alitumia goti.

Tulifika Namugongo jioni ya mkesha, tarehe 2 Juni. Kundi letu lilikuwa limekwisha kupumzika siku mbili. Asubuhi tulisimama katika umati uleule, tukitazama altare ileile iliyojengwa katikati ya maji, tukaitikia Misa ileile. Hakuna hata neema moja iliyokuwa imegawiwa mapema kwa waliowahi.

Basi, baada ya kupinga, ni haki niseme ninachokitaka. Pendekezo la tatu nimeliondoa, na mahali pake naweka mambo matano, ambayo naiomba kamati iyajadili kwa moyo uleule wa kujitolea iliouonyesha.

Kwanza, tuondoke siku tano mapema kuliko ilivyopangwa, na vituo vyetu visizidi kilomita 25 kwa siku. Wenye kazi za ajira wasioweza kupata ruhusa ndefu watatukuta Masaka. Hakuna aibu katika hilo, kwa maana Kanisa halijaweka idadi ya kilomita kuwa sharti la neema.

Pili, asiandikishwe mtu peke yake. Kila anayekuja kuandika jina aje na jina la mwenziwe, na wawili hao wawajibike mmoja kwa mwingine tangu siku ya kuondoka hadi siku ya kurudi. Asiye na mwenzi nitamtafutia mimi mwenyewe, na ninawaonya vijana mapema kwamba nitapenda kumwoanisha kijana na mzee. Mzee atapata mtu wa kumshika mkono kwenye matope ya Mei. Kijana atapata mtu wa kumwuliza maswali ambayo mtandao haujibu.

Tatu, msalaba wa msafara usitangulie tena. Uende nyuma, na mwenye kuubeba awe pamoja na yule anayekwenda polepole kuliko wote. Asitokee mtu kuupita msalaba kwa umbali ambao hawezi kuuona akigeuka. Mtaona jinsi watu watakavyojifunza kugeuka.

Nne, gari liwepo, tena liwe na dawa, maji na vikoti vya kung'aa usiku. Mgonjwa apande bila kuonewa aibu. Lakini akipanda, mwenzi wake apande pamoja naye, hata kama miguu yake ni mizima. Hili najua litawauma wengi kuliko yote. Aliyetembea siku tisa kwa ufahari na anatakiwa kupanda gari siku ya kumi kwa sababu ya tumbo la mwenzake, ataona kwamba hija yake imeharibika. Ndugu yangu, siku hiyo ndiyo hija yako itakuwa imeanza.

Tano, tukishafika, tutembelee kwa heshima pia mahali pa kumbukumbu ya Waanglikana, ambapo si mbali na basilika yetu. Vijana wale walifungwa kamba moja. Itakuwa ajabu sisi, ambao hatuna kamba, tushindwe kutembea mwendo mfupi kwenda kuwasalimu. Papa Paulo wa Sita mwenyewe, siku alipowatangaza watakatifu wetu, hakuwasahau Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo.

Najua kuna watakaosema kwamba Paroko anaifanya hija kuwa laini. Nawakaribisha wajaribu. Kutembea kilomita 40 kwa siku na miguu yenye nguvu ni kazi ya misuli, na misuli hupona kwa usingizi wa usiku mmoja. Kutembea kilomita 25 kwa mwendo usio wako, ukisikiliza kisa cha mkaguzi wa shule kwa mara ya saba, ukimfungua mwenzako kiatu na kumpaka dawa kwenye malengelenge, ukimsubiri bila kukunja uso, kesho tena, na kesho kutwa tena: hiyo ni toba. Mwaka 2020 na 2021, janga la korona lilipoufunga mkusanyiko wa Namugongo, tulilia kwamba tumenyimwa hija. Kumbe tulichokikosa sana ni nini? Barabara ilikuwepo, miguu ilikuwepo. Tulikosana sisi kwa sisi. Basi tusije tukarudishiwa wenzetu na Mwenyezi Mungu, halafu tukawaacha Mutukula kwa sababu ya siku tano.

Kikao cha maandalizi kitakuwa Jumapili baada ya Misa ya pili, katika ukumbi wa parokia. Wote mnaokusudia kwenda, njoni. Nanyi mliokuwa mmekwisha kukata tamaa kwa sababu ya goti, umri au pumzi, njoni pia, na kila mmoja amlete mwenziwe.

Mashahidi Watakatifu wa Uganda, mtuombee. Mungu awabariki nyote: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.